Njia ikikatika Gamba, nyumba ya Amu iweke nini?

Swali lenyewe, kutoka Amu, yaani mji wa kisiwa cha Lamu, ni hili, nimelifupisha kidogo:

"Assalamu alaykum. Twakaa Langoni, Amu, na nyumbani tu watu wanane: mimi na mume wangu, mama yangu mzazi mwenye presha na sukari ya kudunga insulini, binti yetu mwenye mimba ya miezi saba, na watoto wanne. Kila mvua kubwa ikinyesha twasikia barabara imekatika, bei zapanda, rafu za duka zabaki tupu. Mume wangu ataka kukopa pesa anunue magunia matano ya mahindi ayafungie ndani. Mimi naona ni pupa, lakini kukaa mikono mitupu pia sitaki. Tuanze wapi, bila kuwatia watoto hofu?"

Wa alaykumu salaam, dada. Nianze na hilo linalowagombanisha: msikope. Magunia matano ya mahindi ni kilo 450. Nyumba ya watu wanane inakula nafaka kilo tatu na kitu kwa siku, kwa hiyo hapo ni chakula cha zaidi ya miezi minne. Barabara yetu ikikatika hukatika siku kadhaa, ikizidi sana ni wiki kadhaa, kisha malori hupita. Mvua itakuwa imekwisha na deni lingali pale pale, na huenda mahindi yenyewe yameshaota ukungu.

Ila mume wako si mwendawazimu, usimwambie hivyo. Anaona jambo la kweli. Karibu kila kitu cha dukani Amu kimepita njia moja: Mombasa, Malindi, Garsen, Witu, hadi gati la Mokowe. Pale kinashushwa, kinapakiwa chomboni, kinavuka, kinapandishwa punda au mkokoteni mpaka mlangoni kwa mwenye duka. Lami ya Garsen hadi Lamu imefupisha safari lakini haikuinua nchi. Mto Tana ukifurika, maji hulala barabarani. Mwishoni mwa 2023, kwa mvua za El Niño, njia ilikatika. Masika ya 2024 mto ukajaa tena, maji yakafunika barabara pale Gamba, kati ya Garsen na Witu.

Sasa chukua karatasi, upige mstari pale Gamba, ujiulize: ni nini kilicho upande wetu, na ni nini kitakachobaki upande wa pili? Upande wetu kuna Witu, Mpeketoni na Hindi. Kwa hiyo mahindi, muhogo, ndizi, kunde, mbaazi na maembe ya msimu viko huku huku. Nazi ziko. Samaki wako, bahari ikikubali. Upande wa pili watabaki sukari, mafuta ya kupikia, unga wa ngano, sehemu kubwa ya mchele, maziwa ya paketi, gesi, petroli, na dawa. Unaona ajabu yake? Kitu ambacho mume wako anataka kukikopea ndicho kinacholimwa jirani, na insulini ya mama mkwe wake, ambayo hakuna shamba linaloiotesha, haikutajwa.

Hiyo "bahari ikikubali" nimeisema kwa makusudi. Masika huanza Machi na kumalizikia Mei, na Kusi, ule upepo mkali wa kusini, nayo huingia katikati ya mvua hizo, ikafikia ukali wake Juni na Julai. Kwa hiyo mwaka unaweza kukupa barabara iliyokatika na bahari iliyochafuka kwa pamoja. Wavuvi wa vyombo vidogo hawatoki, samaki apanda bei, na lori halijafika. Na si upepo peke yake unaozuia samaki. Mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, amri ya kutotoka nje usiku iliwekwa Lamu kwa miezi, na uvuvi wa usiku ukasimama. Ndiyo maana nawashauri watu wa visiwani wafanye hesabu ya akiba mara mbili kwa mwaka: mwisho wa Februari, kabla ya masika, na mwisho wa Septemba, kabla ya vuli. Ramadhani ikiangukia karibu na tarehe hizo, tangulieni, maana bei zake mwazijua.

Lengo lenu liwe wiki mbili. Sio miezi. Wiki mbili za chakula cha kawaida, wiki moja ya maji ya kunywa na kupikia, na mwezi mmoja wa dawa. Nimezipanga hivyo kwa sababu maji ni mazito na hayana pa kuwekwa, chakula kina mbadala, na dawa haina mbadala.

Tuanze na maji, kwa sababu hapo ndipo nyumba nyingi za Amu zinapojidanganya. Watu huona birika la chooni, lile tangi la maji la kujengwa, limejaa wakasema maji yapo. Mtu mmoja anahitaji kama lita 15 kwa siku kwa mambo yake yote, yaani kunywa, kupika, kuoga, kufua kidogo. Kwa watu wanane ni lita 120, jerikeni sita za lita 20, kila siku. Kuziweka jerikeni 42 ndani ya nyumba ya Langoni hakuwezekani, na sikuambii ujaribu. Kinachowezekana ni kutenganisha. Maji ya kunywa na kupikia peke yake ni kama lita 5 kwa mtu, jumla lita 40, jerikeni mbili kwa siku. Kwa wiki ni jerikeni 14. Hizo zinaingia chini ya vitanda na nyuma ya milango. Yaliyobaki, ya kuoga na kuoshea vyombo, yatoke birikani na kisimani, hata kama kisima chenu kina chumvi chumvi.

Hiyo chumvi usiichukulie kama jambo la ladha tu. Maji matamu ya Amu hutoka kwenye visima vya Shela, chini ya vile vilima vya mchanga vinavyonywa mvua na kuihifadhi. Kiangazi kikirefuka na visima vikivutwa kupita kiasi, maji ya bahari husogea ndani, na visima vya mjini huonja chumvi kabla ya vile vya Shela. Kuchemsha hakuondoi chumvi. Dawa ya maji haiondoi chumvi. Kuchemsha kwenyewe huizidisha, kwa sababu maji hupungua na chumvi ikabaki pale pale. Kwa mama yako mwenye presha, kunywa maji ya namna hiyo wiki nzima ni sawa na kumtilia chumvi mezani mchana na usiku. Jerikeni za maji matamu ziandikwe, na mama awe wa kwanza kuzinywea.

Jerikeni ziwe zilizokuwa na maji au mafuta ya kupikia. Amu kuna hatari ambayo bara haipo sana: jerikeni za petroli ya mashine za mashua zinazunguka mjini, zinaoshwa kwa sabuni, zinauzwa kama za kawaida. Petroli hunywewa na plastiki, haitoki. Nusa ndani kabla ya kulipa. Maji yakiwa na uchafu, yachuje kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kisha tia dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa yake, tikisa, na ungoje nusu saa kabla ya kunywa. Hamna dawa, chemsha mpaka yatokote kwa nguvu, kwa dakika moja. Hamna dawa wala kuni, chupa za plastiki zinazoonyesha ndani, zikijazwa maji meupe na kulazwa juu ya bati kwenye jua kali kwa saa sita, hufanya kazi nzuri. Kukiwa na mawingu ziache siku mbili.

Sasa birika. Wazee wetu walijua walichofanya walipotia samaki wadogo birikani: samaki hula viluwiluwi vya mbu. Nyumba nyingi siku hizi zina birika bila samaki, au zimeongeza mapipa ya plastiki ukumbini, mdomo wazi, kwa kuogopa uhaba. Amu iliwahi kulilipa hilo. Mwaka 2004, katika ukame, watu wakiwa wameweka maji majumbani na kuyabadilisha kwa nadra, ulizuka ugonjwa wa homa na viungo kuuma kiasi cha mtu kushindwa kushuka ngazi. Ulikuwa chikungunya. Watafiti walipopima damu za wakazi walikuta kama robo tatu yao wameambukizwa. Mwaka ule ule ukafika Mombasa, na uliofuata ukavuka bahari hadi Komoro na Réunion. Mbu wake ndiye pia anayeeneza dengi. Anauma mchana, na anapenda maji safi yaliyotulia ndani ya nyumba kuliko mtaro.

Kwa hiyo akiba ya maji isiyofunikwa ni maradhi mliyoyafuga wenyewe. Kila pipa lifunikwe kwa mfuniko, au kwa chandarua kikuukuu kilichokazwa na kamba. Mara moja kwa wiki, maji yakishuka, sugueni kuta za ndani kwa brashi, si kusuuza tu. Mayai ya mbu huyo hugandamana ukutani juu ya usawa wa maji, hukauka, hukaa miezi, kisha maji yakiyafikia huanguliwa. Samaki wa birikani warudisheni. Na msitie dawa ya maji birikani walimo samaki, mtawaua. Dawa ni ya jerikeni za kunywa.

Bati lenu pia ni kisima, mkitaka. Milimita moja ya mvua juu ya mita mraba moja ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 6, mvua ya milimita 20, latoa lita 960, na ukiondoa yanayopotea utapata kama 770. Wenzetu wa Pate na visiwa vya kaskazini wameishi kwa jabia, matangi ya kujengwa ya kukusanyia mvua, vizazi na vizazi kwa hesabu hiyo hiyo. Unahitaji mfereji, bomba, na pipa lenye mfuniko. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi iache ipite, ioshe kinyesi cha kunguru na vumbi. Paa la makuti ni habari nyingine, maji yake yafae kufulia.

Chakula hakina mambo mengi hivyo. Kwa wiki mbili, watu wanane, fikirieni nafaka na unga wa kila namna jumla kilo 45, kunde, pojo au maharage kilo 7, mafuta ya kupikia lita tatu na nusu, halafu sukari, majani ya chai, chumvi, viungo. Watoto wadogo hula pungufu, kwa hiyo hapo kuna nafasi ya mgeni, na nyumba ya Amu bila mgeni sijaiona. Msinunue vitu ambavyo hamli. Nimeona watu wakinunua makopo ya maharage ya kizungu kwa ajili ya dharura, yakakaa mpaka yakapigwa na kutu, kwa sababu hakuna mtoto aliyeyataka. Wekeni mchele mnaoula, unga wa chapati mnaoula, tende, na ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Ng'onda wa kulowekwa usiku kucha na kumwagwa maji mara mbili, kwa ajili ya presha ya mama.

Namna ya kuipata bila kukopa: kila mkienda dukani, ongezeni kitu kimoja juu ya mnachonunua. Pakiti ya unga leo, nusu lita ya mafuta wiki ijayo. Kwa miezi miwili hadi mitatu mtakuwa mmefika. Kipya kiingie nyuma, cha zamani kitoke mbele, na kalamu iandike tarehe ya kununua juu ya pakiti. Akiba yenu iwe ni ile ile mnayopikia, imerefuka tu. Haina haja ya chumba chake wala kufuli.

Sasa niseme kwa nini mahindi ya miezi minne hayafai Amu. Hewa yetu ina unyevu mwaka mzima. Gunia likikaa sakafuni limeegemea ukuta wa matumbawe, hufyonza maji kutoka ukutani kama utambi, na fukusi hawahitaji mwaliko. Fukusi unaweza kuwapepeta. Ukungu ni jambo jingine. Mwaka 2004, Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa kwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, baada ya kula mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Sumu ile haionekani kwa macho na haifi kwa moto. Ugali ukiiva, sumu iko pale pale. Unga au nafaka yenye harufu ya uvundo, punje zenye rangi ya kijani au kijivu, au mgando wa unyevu ndani ya pakiti, tupeni, na kuku pia msiwape. Nafaka ianikwe ikauke kweli kweli, itiwe kwenye ndoo ya mfuniko wa kubana, ndoo iwekwe juu ya mbao na mbali na ukuta. Kilo 45 zinaingia ndoo chache. Kilo 450 haziwezekani kutunzwa hivyo ndani ya nyumba ya kuishi.

Moto wa kupikia. Mtungi wa pili wa gesi ukiwezekana ni bora kuliko magunia yote hayo, maana gesi nayo huja na lori. Usimame wima, penye hewa, mbali na jiko. Mkaa kidogo uwe wa akiba. Lakini, dada, hili nakusihi: jiko la mkaa lisiingizwe ndani mvua ikiwazuia kiwandani, yaani uani. Nyumba zetu za zamani zina kuta nene na madirisha machache. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi, mtu husinzia, kichwa humuuma, halafu haamki. Pikieni kiwandani chini ya turubai, au mlangoni pawe wazi pande mbili. Usiku jiko litoke nje hata kama limebaki majivu yenye moto. Petroli ya mashua isilale ndani kabisa, hata lita moja. Vichochoro vyetu havipitishi gari la zimamoto, na nyumba zimeshikana, za makuti zikiwa katikati yake. Ndoo mbili za mchanga karibu na jiko, na kila mtu mzima ajue kufunga valvu ya gesi gizani.

Umeme nitaupita haraka. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima ililala gizani, kwa hiyo hilo si la visiwani peke yetu. Taa ya sola moja au mbili, na betri ya kuchaji simu iliyojaa. Friji isifunguliwe ovyo: ikibaki imefungwa hushika baridi kama saa nne. Umeme ukikatika muda mrefu minara ya simu nayo huzima, na M-Pesa ikazima nayo, basi wekeni fedha taslimu za siku chache, noti ndogo ndogo, kwa sababu muuza muhogo hatakuwa na chenji ya elfu. Nambari muhimu ziandikwe kwenye karatasi: jamaa, nahodha, hospitali, 999 au 112, na 1199 ya Msalaba Mwekundu, ambayo haina malipo. Vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa na vitabu vya kliniki vyote kwenye mfuko mmoja wa plastiki usiopenya maji.

Mama yako. Aendapo kliniki, mwombe daktari amwandikie akiba, aeleze kwamba mwakaa kisiwani. Lengo ni kwamba nyumbani zisipungue dawa za mwezi mmoja. Vidonge vya presha vikaribiapo kwisha, wazee wengi huanza kuvigawa nusu nusu ili vifike. Mwambieni mama mapema kwamba asifanye hivyo bila kuwaambia, maana atafanya, wazee wetu hawapendi kusumbua. Insulini ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji, si kwenye barafu, ikiganda imeharibika. Iliyofunguliwa huweza kukaa nje kama wiki nne, ikiwa joto halizidi kiwango kilichoandikwa kwenye kasha lake, na mchana wa Kaskazi, msimu wa joto wa upepo wa kaskazini, Amu joto huweza kuzidi. Umeme ukikatika, tumieni vyungu viwili vya udongo, kidogo ndani ya kikubwa, mchanga uliolowanishwa katikati yake, na kitambaa kibichi juu, mahali penye kivuli na upepo. Insulini iwe ndani ya mfuko mkavu. Kwa unyevu wa hewa yetu vyungu havipoi kama vya bara, lakini vinashusha joto kuliko kuiacha kabatini. Pia wekeni sindano za kutosha, na kitu kitamu cha haraka kando ya kitanda chake: chakula kikichelewa na sindano imeshadungwa, sukari hushuka ghafla.

Kwa watoto wawepo na pakiti za maji ya chumvi na sukari za duka la dawa, pamoja na vidonge vya zinki. Zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi. Msikisie: chumvi ikizidi huwa hatari kwa mtoto.

Umeuliza hofu. Watoto hawaogopi ndoo za mchele. Huogopa watu wazima wanaonong'ona. Wapeni kazi: mmoja asugue pipa Jumamosi, mmoja awe mwangalizi wa tarehe za pakiti, mmoja alishe samaki wa birikani. Habari za barabara na mvua zichukuliwe kwa Idara ya Hali ya Hewa na kwa madereva wanaotoka huko, sio kwa sauti iliyosambazwa mara mia kwenye simu. Nyumba moja ikianza kubeba magunia mchana kweupe, jioni mtaa mzima uko dukani, na bei inapanda kabla hata mto haujajaa. Majirani wajueni pia: nani ana kisima, nani ana friji ya sola, nani ni mzee peke yake asiyeweza kuinua jerikeni. Mzee huyo mtieni katika hesabu ya akiba yenu tangu mwanzo, msingoje agonge mlango.

Nimebakisha binti yenu, kwa sababu yeye ndiye mwenye tarehe. Akiba yote niliyoitaja inaweza kungoja miezi miwili. Mimba haingoji. Hospitali ya King Fahd ipo hapa hapa kisiwani, na kwa uzazi wa kawaida mko karibu kuliko watu wengi wa kaunti hii. Tatizo ni pale atakapohitaji kupelekwa mbele, Malindi au Mombasa. Hapo ni kuvuka Mokowe kisha barabara, au kuvuka Manda kwenye uwanja wa ndege, na barabara ikiwa imekatika imebaki ndege peke yake. Kwa hiyo wiki hii, siyo mwezi ujao, aende kliniki na muulize waziwazi: je, kuna lolote linaloonyesha huenda akahitaji upasuaji? Kama ana presha ya mimba, mapacha, mtoto aliyekaa vibaya, au aliwahi kupasuliwa, na tarehe yake inaangukia masika, basi afadhali ahamie kwa jamaa Malindi wiki kadhaa kabla, akajiandikishe kliniki ya huko. Hapo ndipo pesa ambazo mume wako alitaka kununulia mahindi zingekuwa na maana.

Kama hana hatari yoyote, abaki nyumbani. Kundi lake la damu lijulikane, na jamaa wawili wenye afya wawe tayari kutoa. Kila mtu nyumbani ajue dalili za kutokungoja asubuhi: kutokwa na damu, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, uso na mikono kuvimba, degedege, mtoto kupunguza kucheza, maji kuvunjika kabla ya wakati. Mume wako azungumze sasa na nahodha mmoja anayelala mjini, sio wawili waliokubali nusu nusu. Wakubaliane bei ya usiku, mafuta yatakuwa kwa nani, na jaketi za kuokolea maisha ziwe ngapi ndani ya chombo. Na amwulize wiki ya tarehe ya binti ni ya bamvua, maji yakijaa na kupwa sana, au ya maji mafu, yakijaa na kupwa kidogo, ajue gati gani litafikika saa ngapi.